Mzinga Juu ya Chumba cha Ummy

Jumatatu, 13 Novemba
Mvua: hakuna. Wingu upande wa Kwihara.

Nimeanza kazi ya mkataba Manispaa. Mpango wa kusimamia na kulinda miti ya mji unaandikwa upya, maana ule wa zamani umejaa miti iliyokwisha kufa, na miti iliyoota baadaye haimo. Tuko watatu. Mathias ni afisa misitu, mrefu, anaongea kwa uchache kama vile kila neno linakatwa kwenye mshahara wake. Sadiki anabeba ngazi na rangi, na anaongea kwa niaba yetu sote. Mimi naandika: aina ya mti, unene wa shina, hali yake, na nani analala, anauza au anasoma chini yake. Hilo la mwisho ameliongeza Mathias mwenyewe.

Rangi ni tatu. Pete nyeupe, mti unabaki. Pete ya njano, unapunguzwa matawi. Nyekundu, unaondolewa.

Redio inasema mwaka huu ni wa El Nino.

Jumatano, 15 Novemba
Mvua: hakuna. Kitete, jirani na hospitali. Mijohoro, yote mizima. Vumbi mpaka kwenye meno.

Jumanne, 21 Novemba
Mvua: ya kwanza, alasiri, nzito na fupi.

Ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini kila mahali, kwenye ufa wa baraza, kwenye shina la mkrismasi uliokuwa mbele yetu. Tuliacha kazi. Mathias aliweka kofia yake chini na kuokota kama mtoto. Nilikuwa nimemwona ni mtu mkavu. Leo nimeanza kusita.

Alhamisi, 30 Novemba
Mvua: manyunyu asubuhi.

Chemchem, kwa Bi Mwanamkuu, muuza achari. Nimenunua achari kwake tangu niko sekondari, dirishani, na mti wake nilikuwa nauona kama kivuli tu juu ya ukuta. Leo nimeingia uani. Niliposimama chini ya ule mwembe sauti yangu ilipungua yenyewe, kama mtu anapoingia kanisani akakuta wenzake wamepiga magoti. Gome lake limejikunja kama ngozi ya goti la tembo. Katikati ya shina kuna pango ambalo ningeweza kuingiza kichwa na mabega. Juu ni giza la kijani, na maembe yananing'inia ndani yake kwa mamia.

Tepu haikufika. Tukashikana mikono kuuzunguka shina, mimi, Mathias na Sadiki, bado hatukukutana. Binti wa nyumba, Ummy, akaja na mtoto mgongoni akafunga duara. Mtoto anaitwa Najiat, ana miezi mitatu. Shavu lake lilikuwa limeegemea mkono wangu, na shavu langu limeegemea gome, na kwa muda hakuna aliyetaka kuachia.

"Tumeshaoana na mti," Sadiki akasema. "Mahari tumpe nani?"

"Mahari nipe mimi," Bi Mwanamkuu akajibu kutoka jikoni, "halafu uondoke na kikopo chako cha rangi."

Nyumba yao ni ndefu. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ndiyo duka la Bi Mwanamkuu, na ndiko anakolala kati ya ndoo za achari. Cha nyuma ni cha Ummy na mtoto. Mumewe anaendesha lori la Mpanda na haonekani wiki nzima. Tawi moja kubwa, nene kuliko mwili wa mtu, limelala hewani juu ya bati la chumba hicho cha nyuma.

Mathias aligonga shina, akasikiliza, akapanda ngazi, akashuka. "Njano," akasema. "Lile tawi tu. Mti utabaki."

Sadiki akafungua rangi. Bi Mwanamkuu akaja mbio na mwiko wenye pilipili.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mnapaka nini?"

"Ni pete ya njano mama, maana yake..."

"Rangi ya Manispaa naijua maana yake. Walipopanua barabara walikuja na kikopo kama hicho hicho. Ukuta wa jirani ulipakwa Jumanne, Ijumaa haupo."

"Ile ilikuwa nyekundu," Mathias akasema.

"Rangi ni rangi, mwanangu. Hakuna aliyepakwa na Manispaa akabaki."

Tulieleza kwa zamu, watu watatu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akarudia sentensi ile ile.

Wakati tunatoka Ummy akanishika mkono mlangoni. "Dada Dafrosa, wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo."

"Andika nyekundu. Nakuomba. Upepo ukianza namchukua mtoto nalala naye chini ya kitanda."

Nimerudi nyumbani nimemkasirikia Bi Mwanamkuu. Nimemwona ni mtu anayependa maembe yake kuliko mjukuu.

Ijumaa, 8 Desemba
Mvua: usiku kucha, na upepo.

Mjohoro umeangukia banda la mbuzi mtaa wa pili kutoka kwetu. Mbuzi wawili wamekufa. Ulikuwa na pete yetu nyeupe. Mathias alisimama mbele yake muda mrefu, mizizi imeelekea juu, rangi bado mpya. Mwenye mbuzi hakusema neno baya, na nafikiri hilo ndilo lililomuumiza Mathias. Mchana hakula.

Jumatatu, 25 Desemba
Krismasi. Mvua. Wali, kuku, na embe moja kubwa kutoka kwa Bi Mwanamkuu, ameliacha kwa jirani bila salamu. Sikujua nilichukulieje. Nimelila.

Alhamisi, 11 Januari
Mvua: hakuna leo.

Tumekwenda Chemchem kukata lile tawi, na wanaume wawili wenye kamba na msumeno wa mashine. Tulipoingia uani Sadiki, aliyetangulia na ngazi, alisimama ghafla hata nikamgonga.

Juu ya lile tawi, karibu kabisa na bati la Ummy, kulikuwa na mzinga. Mzinga wa gogo, mrefu kama mtoto wa darasa la tano, umefungwa kwa kamba za magome pande mbili.

"Haya basi," Sadiki akasema, akalaza ngazi chini.

"Nini haya basi?" Mathias akauliza.

"Bosi, mimi babu yangu alikuwa mrina asali Sikonge. Mti wenye mzinga hauguswi na chuma. Hata mzinga ukiwa mtupu. Mwenye mzinga amekwisha uomba mti na mti umekubali."

"Tuko mjini, Sadiki."

"Mzinga haujui kwamba uko mjini."

Wale wenye msumeno, mmoja wa Uyui na mwingine wa Sikonge, walikuwa wamekwisha kaa chini. Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni akipepeta mchele, na sijaona mtu akipepeta mchele kwa raha namna ile.

"Nani kauweka?" Mathias akauliza.

"Sylvester wa Kwihara. Ananiletea asali miaka yote. Nimemwambia wanataka kuukata mwembe wangu, akaja kesho yake na baiskeli."

"Mama, hatukutaka kuukata mwembe. Tulitaka tawi moja. Tawi hilo hilo uliloliwekea mzinga. Sasa limeongezewa uzito, na hakuna wa kulipanda."

Bi Mwanamkuu aliutazama mzinga, halafu bati, halafu Ummy aliyekuwa kasimama na mtoto begani. Nimeona usoni mwake kwamba ameelewa. Lakini alichosema ni, "Mngesema mapema."

"Tulisema!" Sadiki akapiga kelele.

"Mlisema na kikopo mkononi."

Ummy alicheka, kicheko kibaya. "Mama umenitundikia gogo juu ya kichwa," akasema, akaingia ndani.

Jumapili, 14 Januari
Nimekwenda Kwihara baada ya misa kumtafuta Sylvester. Ni Mmoraviani, mtu wa miaka hamsini hivi, anacheka kwa mabega. Akaahidi kuushusha mzinga Jumamosi. "Mtupu haunipi taabu," akasema. "Nitaushusha kwa mkono mmoja."

Jumamosi, 20 Januari
Mvua: asubuhi kidogo.

Nyuki wamefika kabla ya Sylvester.

Mimi mwenyewe nilikuwa uani. Kwanza ni sauti, kama lori lililo mbali. Halafu wingu la kahawia likaja juu ya mapaa kutoka upande wa magharibi, likizunguka ndani yake lenyewe, kubwa kama nyumba, na halikuwa na haraka. Kuku waliingia jikoni. Mimi, Ummy na Bi Mwanamkuu tulijibanza mlangoni mwa chumba cha mbele. Lile wingu likatua juu ya tawi, likaning'inia kama ndevu, na ndevu zile zikaanza kuingia kwenye tundu la mzinga kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye mtungi. Ilipofika adhuhuri hapakuwa na kitu nje isipokuwa walinzi wachache.

Nilijua ni balaa. Hata hivyo nilikuwa nimesimama mdomo wazi, na machozi yananitoka, na sikuwa na huzuni.

Sylvester alipofika akavua kofia. "Sasa si wangu peke yangu," akasema. Mzinga uliopata nyuki hushushwa jioni isiyo na mvua, wote wakiwa wamerudi ndani, la sivyo mtaa mzima utaumwa. Na jioni isiyo na mvua, mwaka huu, ni ya kuomba.

Jumatatu, 29 Januari
Mvua.

Jumanne, 30 Januari
Mvua.

Jumanne, 6 Februari
Mvua: ilikatika alfajiri. Anga safi kabisa.

Naandika polepole ili nisiharibu.

Mathias alitaka kuona mji kutoka juu kabla hajaandika sura ya mwisho ya mpango, akaomba ruhusa tupande tangi la maji. Ngazi ya chuma, imelowa. Sadiki alibaki chini kutuombea, kwa maneno yake. Nilipanda nikitazama viatu vya Mathias tu.

Juu, upepo. Mji wote umelala chini, bati na minara na vilele vya miti, kijani cha namna nyingi, kilichooshwa. Nilitafuta nyumba yetu. Halafu nikaona kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni macho yangu.

Miembe mikubwa ya zamani imemaliza kuzaa na sasa imetoa majani machanga. Majani machanga ya mwembe hayatoki kijani, yanatoka mekundu ya kahawia, rangi ya shaba mpya. Na miembe ile yote, yenye asili moja, ilikuwa imeyatoa kwa wiki moja. Kutoka huku juu kila mmoja ulikuwa kifundo chekundu katikati ya kijani. Na vile vifundo havikutawanyika. Vilikuwa vimepangwa.

Vilianzia mbali, upande wa Kwihara, kwenye mashamba, vikaja kimoja baada ya kingine, vikaingia mjini, vikapita nyuma ya hospitali, vikavuka barabara ya lami bila kuijali, vikapita ndani ya nyua za watu, kando ya msikiti, nyuma ya shule, vikapinda kidogo, vikaendelea kuelekea mashariki. Njia. Njia ya misafara ya zamani, nzima, imelala juu ya mji kama mshono mwekundu juu ya nguo. Barabara zetu zote zimejengwa zikiikata, na hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, kwa sababu kila mtu ana mwembe mmoja tu uani kwake.

Nilikuwa nimeandika miti ile yote kwa mkono wangu, kata kwa kata, mmoja mmoja. Sikuona kitu.

"Mathias," nikasema.

"Naona," akasema. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili. Akaongeza, "Walipopumzika walikula. Walipokula walitupa kokwa."

Niliufuata ule mshono kwa kidole mpaka Chemchem. Kifundo kikubwa kuliko vyote pale kilikuwa cha Bi Mwanamkuu.

Sadiki aliuliza tumeona nini. Nilijaribu kumwambia. Akaniangalia usoni, akapanda mwenyewe, yeye anayeogopa ngazi ya hatua sita. Aliporudi hakufanya mzaha wowote mpaka jioni, mvua iliporudi.

Jumatano, 7 Februari
Sikulala vizuri. Jana, pale juu, nilipouona mwembe ule nilifikiri: huu hauwezi kukatwa. Usiku nikakumbuka shavu la Najiat. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilichomlaumia Bi Mwanamkuu, nimekifanya mimi kwa asubuhi moja tu.

Jumatano, 14 Februari
Mvua: jioni.

Majivu. Nimepita Chemchem kutoka kanisani kumweleza Bi Mwanamkuu tulichokiona.

"Umejipaka masizi?" akauliza.

"Majivu mama. Kwaresma imeanza."

"Haya. Na sisi mfungo wetu unakaribia. Kaa."

Nilimwambia habari za tangi, na mstari. Nilitegemea atashangaa. Aliendelea kukata maembe ya mwisho mwisho, yaliyochelewa.

"Mama yake bibi yangu aliletwa mji huu kwa miguu kutoka Manyema," akasema. "Hakuja kwa kupenda. Alikuwa na dada yake, kamba moja. Hapa walipumzika. Yeye alikuwa na homa, wakamfungua wakamwacha. Dada yake akaendelea nao pwani. Alisema mti huu ulikuwa mwembamba kama mkono wake, na aliushika mpaka wale watu hawakuonekana tena."

Nje nyuki walikuwa wanafanya kazi, mvua haijaanza.

"Kaburi lake silijui," akasema. "La dada yake hata nchi liliko siijui. Mti naujua."

"Mbona hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Watu wenye kikopo?" Akafuta kisu. "Na Ummy nikimwambia atasema nampenda maiti kuliko mtoto. Labda ni kweli. Nimejiuliza."

Nilikuwa nimeiandika tabia yake mwezi wa kumi na moja, kwa kalamu, nikiwa na uhakika.

Jumatatu, 26 Februari
Mvua.

Alhamisi, 29 Februari
Mvua. Sylvester alikuja jioni na vifaa vyake, akakaa chini ya upenu wa duka mpaka isha, akarudi Kwihara amelowa.

Jumapili, 3 Machi
Mvua: dhoruba, saa tisa mchana.

Sadiki alinipigia simu: njoo. Nilikimbia kwenye maji yaliyofika magotini. Uani walikuwa Mathias, na majirani, na Bi Mwanamkuu bila mtandio, kichwa kimelowa.

Tawi limepasuka. Pale linapotoka kwenye shina pana ufa wa kuingia kiganja, na maji ya kahawia yanatiririka humo. Kila upepo ukija ufa unafunguka na kujifunga, taratibu, kama mdomo. Na mzinga kule mwisho unalivuta. Sylvester alipokuja Alhamisi alikadiria asali ilivyojaa. Anasema watu wawili wazima hawawezi kuubeba bila kupumzika.

"Ummy atoke chumbani humo leo," Mathias akasema.

Ummy alikuwa kakaa kitandani kwake na mtoto, mlango wazi.

"Sitoki."

"Dada, njoo kwangu," nikamwambia. "Kitanda kipo."

"Nikitoka mimi mtatulia. Mtaleta tepu, mtaandika, mtasema wiki ijayo. Mama atafurahi. Mti utabaki na mimi nitakuwa mgeni kwenye nyumba za watu mpaka Najiat aolewe. Nikiwa hapa ndani, mtakosa usingizi wote. Nataka mkose usingizi."

"Basi nipe mtoto," Bi Mwanamkuu akasema.

"Mtoto ananyonya, mama. Ungeujali usingizi wake kabla hujamwita Sylvester."

Sadiki na majirani walitafuta magogo mawili ya mkaratusi wakayasimamisha chini ya tawi kama mtu anayeshikilia dari kwa mikono. Ndiyo yote iliyowezekana.

Mathias amelala uani, chini ya turubai. Nilimwacha hapo.

Jumanne, 12 Machi
Mvua. Ramadhani imeanza. Nyumba ya Bi Mwanamkuu inafunga, mimi nafunga yangu, na magogo yamesimama. Mathias anakuja kila jioni, Sylvester anakuja kila jioni, na kila jioni inanyesha. Ummy yuko ndani.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua, lakini ilipungua.

Jumamosi, 16 Machi
Mvua: hakuna! Tangu asubuhi hakuna.

Saa kumi na moja jioni anga lilikuwa wazi. Majirani wakaambiwa wafunge madirisha. Ummy akakubali kutoka kwa jioni hii tu, akakaa mbele na mtoto, chini ya khanga tatu. Adhana ilipolia watu walifungua kwa tende na uji wamesimama, macho juu. Sylvester, Mmoraviani, alipewa kikombe cha uji kama wengine, akakinywa kwa adabu yote, akawasha kienge chake cha majani makavu na gome, akapanda.

Hakuvaa kitu cha kujikinga isipokuwa koti. Alipanda kwenye shina upande ulio mzima, moshi ukimzunguka, akiongea. Nilidhani anaongea na sisi. Sadiki akaninong'oneza: "Anawabembeleza nyuki. Anawaambia wanahamia kwake, wasikasirike." Aliongea Kinyamwezi, pole pole, sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Mngurumo ndani ya gogo ulipanda, ukawa mkali, tukabana pumzi uani watu zaidi ya ishirini, halafu ukashuka, ukashuka, mpaka ukawa kama paka aliyelala.

Aliziba tundu kwa majani. Akafunga kamba mbili, akazipitisha juu ya panda la shina, akatutupia ncha.

Nilishika kamba. Mbele yangu alikuwa Mathias, nyuma yangu Bi Mwanamkuu, nyuma yake watu wa mtaa, wengine siwajui. Sylvester akakata vifungo vya magome. Uzito ukatujia wote kwa pamoja, kamba ikakaza kama chuma, na mzinga ukaelea. Tulikuwa tunaulegeza kidogo kidogo, hatua moja mbele, hatua nyingine mbele, na kupitia kamba nilihisi, viganjani, wale nyuki wote wakitetemeka ndani ya giza lao. Maelfu, nikayashikilia. Ule mtetemo umekaa mikononi mwangu mpaka sasa ninapoandika.

Tawi, lilipotuliwa mzigo, lilinyanyuka kidogo. Ufa ukajifunga.

Hakuna aliyeumwa isipokuwa Sadiki, sikioni, akiwa mbali kuliko wote.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua: usiku.

Tawi limekatwa, vipande sita, kila kimoja kimeshushwa kwa kamba. Bati la Ummy halikuguswa.

Jumatano, 20 Machi
Mvua: hakuna.

Leo ilibidi tuandike hatima ya shina lenyewe. Mathias ameweka kifungu kipya katika mpango: mti wenye pango ulio juu ya chumba, anayelala humo aulizwe, na jibu lake lina nguvu. Amekipigania ofisini. Alijua kitakavyoweza kumgeukia.

Tulikaa uani: Mathias, Sadiki, mimi, Ummy na mama yake.

"Nimeugonga pande zote," Mathias akasema. "Ukuta wa pango ni mnene. Tawi lililokuwa linauvuta limeondoka. Naamini utasimama miaka mingi. Lakini ule mjohoro nao niliuamini. Siwezi kukuapia, dada."

"Mimi ndiye ninayelala," Ummy akasema. "Nyekundu."

Alisema bila hasira. Alikuwa na haki, na sote tulijua. Niliangalia juu, mahali lilipokuwa tawi, na mwanga ulikuwa unaingia hapo kwa mara ya kwanza. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nilitamani iishiwe wino.

Bi Mwanamkuu akasimama, akaingia chumba cha mbele. Akatoka na ndoo ya achari, akaiweka barazani. Akaingia, akatoka na nyingine. Ya tatu. Nikadhani ni hasira zinatafuta kazi.

"Mama, unahama?" Sadiki akauliza.

"Nahama."

"Unakwenda wapi?" Ummy akasema.

"Nyuma. Wewe na mtoto mtalala mbele. Anayeutaka mwembe ni mimi. Nitalala mimi."

"Na duka?"

"Nitauzia barazani."

"Kwenye mvua?"

"Wanaopenda achari yangu wana miavuli."

Ummy alisimama. "Mama usinifanyie hivyo. Ukikuangukia je?"

"Ukiniangukia utaandika nyekundu."

Sadiki alianza kucheka akaacha. Ummy alikuwa analia, ngumi zimefungwa, akimwangalia mama yake anavyohangaika kukitoa kitanda mlangoni peke yake, mguu mmoja umenasa kwenye kizingiti. Kilinasa muda mrefu. Mathias alitaka kuinuka, nikamshika mkono.

Mwishowe Ummy akanipa mtoto.

"Usiburute, utakivunja," akamwambia mama yake, akashika upande wa pili.

Anayelala humo sasa ni Bi Mwanamkuu. Nimeandika: unabaki. Mathias ameuweka katika sura mpya pamoja na miembe yote ya mstari ule, kuanzia Kwihara, kama kitu kimoja.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua: jioni.

Idi. Nilikwenda kula pilau Chemchem. Barazani, ndoo za achari chini ya turubai la Mathias, ambalo nadhani hatalipata tena. Chumba cha mbele kina kitanda cha Ummy na nepi kwenye kamba.

Baada ya kula, Bi Mwanamkuu alinipeleka nyuma kunionyesha anapolala. Najiat alikuwa mapajani kwake, anatafuna pindo la khanga.

"Usiku wa kwanza nililala na viatu," akasema.

"Na sasa?"

"Viatu nimevua."

Upepo ukaanza, halafu matone. Ummy akaja mlangoni haraka. "Nipe mtoto." Akampokea, akaondoka naye kwenda mbele. Nilitaka kuaga, lakini mvua ikashuka yote kwa mara moja, na juu ya bati, juu ya sauti ya bati, nikausikia mti: mngurumo mmoja mrefu uliokuwa unatoka juu kabisa na kuteremka kupitia shina mpaka kwenye sakafu, chini ya nyayo zangu. Niliogopa na sikutaka uishe. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anasikiliza.

Baada ya muda Ummy akarudi mikono mitupu.

"Amelala mbele," akasema, akavua ndala, akapanda kitandani akakaa kando ya mama yake.